“Mimi ni mwalimu tu, sina cha kuibiwa”: dhana potofu kuhusu usalama wa taarifa vyuoni

Kila kitengo cha TEHAMA kinapowataka wahadhiri wawashe uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti zao (nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kama msimbo wa simu), wapo wanaojibu kwamba wao ni walimu tu na hawana cha kuibiwa. Dhana hii huniudhi kuliko nyingine zote, kwa sababu hutolewa na wasomi ambao wasingekubali hoja dhaifu namna hiyo katika tasnifu ya mwanafunzi wao.

Machi 2018, Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafungulia mashtaka raia 9 wa Iran, ikidai kwamba walidukua vyuo vikuu 144 vya Marekani na vingine 176 katika nchi 21. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, akaunti za maprofesa zipatazo 8,000 ziliingiliwa, na terabaiti zaidi ya 31 za makala na data za utafiti zikachukuliwa. Mbinu yenyewe ilikuwa nyepesi: profesa alipokea barua pepe iliyojifanya kutoka kwa msomi wa chuo kingine aliyevutiwa na makala yake, akabofya kiungo, kisha akaandika nywila yake kwenye ukurasa bandia uliofanana na ule wa chuo chake. Walimu tu, ndio hasa waliolengwa.

Hata asiye na utafiti wa kutamaniwa hubeba taarifa za wengine: matokeo ambayo hayajatangazwa, rasimu za mitihani, vyeti vya hospitali vya wanafunzi walioomba kuahirisha masomo, na majibu ya wahojiwa waliosaini fomu za ridhaa wakiahidiwa usiri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Kwa hiyo kusema “sina cha kuibiwa” ni kuzitoa sadaka taarifa za watu ambao hawakuulizwa.

Wengine hutegemea nakala rudufu, yaani nakala za akiba za mafaili. Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kiliposhambuliwa Desemba 2019, seva 267 zilifungwa kwa programu hasidi inayodai fidia, zikiwemo baadhi za nakala rudufu zilizokuwa kwenye mtandao uleule, na chuo kikalipa bitcoin 30. Wavamizi walikuwa wameingia tangu Oktoba kupitia barua pepe ya hadaa. Nakala moja lazima ikae nje ya mtandao, na urejeshaji wake ujaribiwe.

Wapo pia wanaoamini kwamba alama ya kufuli kwenye kivinjari inathibitisha ukurasa ni wa kweli. Alama hiyo huonyesha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa, yaani yamefichwa ili wengine wasiyasome njiani. Ukurasa wa tapeli nao huwa nayo, hivyo soma anwani yenyewe.

Kulazimisha watu wabadili nywila kila miezi mitatu nako hakusaidii. Tangu 2017, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inashauri nywila ibadilishwe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Mimi husisitiza nywila ndefu ya maneno manne au matano yasiyohusiana, isiyotumika kwingine, na isiyopewa katibu muhtasi wala msaidizi wa utafiti.

Na aliyekwisha kunaswa asidhani kwamba kubadili nywila kumemaliza kazi. Mara nyingi mvamizi huacha ndani ya akaunti kanuni, yaani mpangilio wa kupeleka nakala ya kila barua pepe kwenye anwani yake, nayo huendelea kufanya kazi hata nywila ikiwa mpya. Toa taarifa kitengoni saa ileile, hata kama unaona aibu, ili kanuni hizo zifutwe na vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti viondolewe.