Maji Maangavu Si Ushahidi wa Usalama

Wengi huamini kwamba maji yakiwa maangavu, na hakuna samaki waliokufa wanaoelea, basi hayana madhara. Kwa vichafuzi vinavyovuruga homoni kipimo hicho hakifai kitu. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1970, makinda ya chaza yaliacha kupatikana, na magamba ya chaza wakubwa yakanenepa, yakiwa na vijumba ndani vilivyojaa ute.

Chanzo kilikuwa kemikali iitwayo tributiltini, iliyotiwa katika rangi ya kupaka matumbo ya mashua ili viumbe wa baharini wasigandame hapo. Kwa baadhi ya konokono wa baharini, kiasi cha takriban nanogramu 1 (sehemu moja ya bilioni ya gramu) tu katika lita ya maji hutosha kumfanya jike aote uume. Kwa spishi fulani njia ya mayai huziba kabisa, hivyo kizazi kinakatika bila mizoga kuonekana ufukweni.

Mwaka 1982 Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa vyombo vidogo vya chini ya mita 25, na chaza wakaanza kuzaana tena. Hapo huzuka kosa la pili, nalo naliona kubwa zaidi: kudhani kwamba marufuku husafisha. Majini kemikali hii huvunjika kwa siku au wiki kadhaa, ilhali katika mashapo, yaani tope la chini ya maji, yasiyo na oksijeni hudumu kwa miaka mingi, hata miongo. Bandari inapochimbwa kuongezwa kina, tope hutibuka na sumu ya zamani hurudi majini, hata kama mkataba wa kimataifa unaoikataza umekuwa ukitumika tangu 2008.