Mzee na Sahani Yake: Yanayosemwa Nyanda za Juu Kusini, na Ukweli Wake

“Mzee hahitaji kula sana, uji unamtosha.”

Hii ndiyo inayoumiza wengi, na husemwa na watoto wanaompenda mzazi wao. Ni kweli kwamba aliyeacha kulima hahitaji chakula kingi kama kijana. Protini ni habari nyingine. Misuli hupungua kadiri umri unavyosogea, na mwili wa mzee haunufaiki na protini kama zamani, hivyo wataalamu wengi wa lishe hushauri apate gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Bibi wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Uji mweupe wa sembe asubuhi, kisha ugali na majani ya maboga jioni, haumfikishi huko.

Na vyakula vyenyewe tunavyo. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu kama 15, yai moja gramu 6. Kyela wana usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, Rungwe wana maziwa. Meno yakiisha, maharage yapondwe, dagaa na karanga zisagwe zitiwe kwenye uji, na uji wenyewe ukorogwe kwa maziwa. (Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwake hesabu hubadilika.) Mzee akianza kukonda bila sababu, nguo zikimpwaya, msiseme “ni uzee tu.” Mpelekeni akapimwe.

“Parachichi lina mafuta, litampandishia presha.”

Ajabu kusikia haya Njombe, ambako parachichi husafirishwa hadi Ulaya! Mafuta yake mengi ni ya aina isiyodhuru moyo, wala tunda hilo halina kolesteroli. Cha kuchunga ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile ya kwenye mchuzi, ya dagaa wakavu na ile inayonyunyizwa mezani kabla hata ya kuonja.

“Dona haina shida, mwenye kisukari ale atakavyo.”

Dona inazidi sembe kwa nyuzinyuzi, na kwa mzee anayesumbuliwa na choo kigumu hilo si jambo dogo. Lakini bado ni wanga, na tonge likiwa kubwa sukari itapanda. Halafu kuna jambo husahaulika: mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na kuyapika hakuiondoi. Chambueni kabla ya kwenda mashineni.

“Chai ni chakula.”

Chai ya Mufindi au Tukuyu ni tamu, sibishi. Ila ikinywewa pamoja na mlo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Ingoje kama saa moja.

“Kuna baridi, hana kiu, maji ya nini?”

Kiu yenyewe hupungua uzeeni, kwa hiyo msiitegemee. Makete mwezi wa Julai wazee wengine hukwepa maji makusudi, wasije wakaamka usiku kwenda choo cha nje. Wana haki. Basi wapeni maji ya uvuguvugu tangu asubuhi, kidogo kidogo, na jua likizama mpunguze.