Punda aliyeachwa mitaani: kabla hujampa mtu

Ng'ombe akizeeka au akivunjika mguu, mwenyewe humpeleka machinjioni akarudi na chochote mkononi. Punda hana njia hiyo. Nyama yake ni haramu kwa Waislamu, nao ndio karibu watu wote wa visiwa hivi vya Zanzibar, kwa hiyo siku anaposhindwa kuvuta gari la mchanga au matofali, thamani yake inakwisha siku hiyo hiyo. Anafunguliwa kamba, basi. Baada ya hapo utamkuta pembezoni mwa mji kichwa kimezama jaani, ana vidonda kifuani, kwato zimerefuka hadi zimepinda mbele.

Wanaotupigia simu kituoni wana nia njema, na wengi huanza hivi: "Daktari, mtu wa kumchukua nimeshampata." Hapo ndipo maswali yangu huanza. Punda wa bure ana hatari yake. Aliyempata bila senti atamwona ametulia wiki mbili tatu, amenenepa kidogo, kisha atamfunga gari. Simwiti mkatili, hakuambiwa amepokea mgonjwa.

Kwanza nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wako. Punda anayezurura mara nyingi mwenyewe yupo nyumba ya tatu, na ataikumbuka mali yake siku mnyama akishapona. Aitwe, mwandikishane mbele ya sheha: nani anatoa, nani anapokea, mnyama ana maradhi gani, na kwamba hatofungwa gari wala kuuzwa. Mimi napendelea iandikwe kuwa amewekwa kwa mtu, si kuwa ametolewa moja kwa moja, ili mambo yakishindikana arudishwe badala ya kwenda kwa mnunuzi wa kwanza. Kwa sababu ya soko la ngozi za punda huko China, barani Afrika wamezuka wanunuzi wasiouliza umri wala ugonjwa. Hata Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Daktari wa mifugo akifika, mwambie alikotoka mnyama kama unajua. Unguja ilitangazwa kuwa haina tena mbung'o mwaka 1997, na kwa punda aliyevushwa karibuni kutoka bara nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, inaweza kusahaulika. Chanjo ya pepopunda usiiache, hasa mwenye vidonda.

Kisha mdomo. Magego ya punda huendelea kusogea nje ya ufizi karibu maisha yake yote huku yakilika kwa kusagana, na yasipolika sawasawa kingo za nje za yale ya juu huwa kali zikachana shavu. Tazama chini anapokula. Ukiona vibonge vya majani yaliyosagwa nusu, vimelowa mate, vimeanguka karibu na ndoo, ujue mnyama ana njaa na chakula kipo mbele yake. Kumwongezea majani hakusaidii kitu. Anahitaji kusawazishwa meno kwa tupa maalumu, na kama ni mzee ambaye magego yameshang'oka, mwenyeji mpya awe tayari kumlowekea chakula kila siku mpaka kiwe kama uji mzito. Wengi huitikia haraka sana wakisikia hilo. Waulize tena kesho yake.

Kwato hukatwa kila baada ya wiki sita hadi kumi. Zilizoachwa muda mrefu hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, maana viungo vimeshazoea kusimama vibaya. Inua mguu, safisha udongo kwa kijiti: ute mweusi wenye uvundo pembeni mwa ile sehemu laini ya pembetatu katikati ya unyayo ni dalili kwamba kwato inaoza. Makunduchi, ardhi ya mawe, utapata pakavu lakini majani haba. Kitope au Wete majani tele, na masika tope tele. Ninachotaka kujua ni atalala wapi mvua ikinyesha, kwa sababu manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi.

Zipo huruma zinazoua. Dawa nyingi za madukani petu ni za ng'ombe, mbuzi na kuku. Dawa ya kupe yenye amitraz, ambayo ng'ombe huoshwa bila tatizo, inaweza kumfunga tumbo punda au farasi. Chakula cha kuku kilichotiwa monensin, dawa ya kuzuia kuku wasiharishe damu, huharibu moyo wao hata kwa kiasi kidogo. Soma karatasi ya mfuko, na usipoelewa usimpe. Pumba nyingi za ghafla nazo huweza kuleta uvimbe ndani ya kwato, ukamkuta amejiegemeza nyuma hataki kupiga hatua.

Halafu mwenzake. Punda waliovuta gari moja kwa miaka hushikamana, na ukiwatenganisha mmoja anaweza kususa chakula. Usisubiri aone njaa. Mwili humwaga mafuta kwenye damu, ini linashindwa, anakufa kwa ugonjwa ambao hakuja nao. Farasi wadogo nao ni hivyo hivyo, hasa wanene. Wahamishwe wawili, au aende penye punda wengine. Joto lake akiwa mzima na ametulia kivulini ni nyuzi 36.5 hadi 37.8, mwenyeji afundishwe kulipima. Wanasema asante ya punda ni mateke, lakini mengi niliyoyaona yaliisha kidonda cha mgongo kilipopona.

Wapo wasiofaa kuhamishwa. Aliyevunjika mguu, au asiyeweza tena kusimama, kumpandisha gari kwenda Bumbwini ni kumwongezea mateso, na kumpumzisha kwa sindano ni uamuzi wa heshima, mwenyewe na daktari wakikubaliana. Dawa hiyo hubaki ndani ya mzoga na inaweza kuua mbwa watakaoula, kwa hiyo azikwe kina kirefu, mbali na kisima. Penye mawe, tafuta vijana wenye sururu na shimo liwe tayari kabla daktari hajafika.