Hema la damu, fulana na cheti: yanayosemwa vyuoni kuhusu afya ya umma

Mara ya kwanza kuingia kwenye hema la kuchangia damu nilikuwa mwaka wa pili, nasoma takwimu, na nilichofuata ni soda na biskuti. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limekata wiki mbili nyuma. Nikiwa kwenye foleni nikayasikia yote: kwamba damu yetu inakwenda kuuzwa, kwamba ukianza kuchangia mwili unazoea na hutaacha mpaka kufa, kwamba wale waliovaa fulana za uhamasishaji wanakula posho nene, na kwamba shughuli yenyewe ni ya watu wa Muhimbili, chuo cha udaktari, sisi wengine tumealikwa kujaza viti. Nimekwenda kwenye mahema ya namna hiyo miaka mingi sasa, mara nyingi nikiwa upande wa pili wa meza, na maneno ni yaleyale. Mengine yanachekesha tu. Mengine yanamnyima mwanachuo nafasi, na moja au mawili yanaweza kumdhuru mgonjwa aliyelala wodini.

"Afya ya umma ni ya wanaosomea udaktari"

Hii inaniudhi kuliko zote, maana inamrudisha mtu mlangoni kabla hajabisha hodi. Daktari anamtibu aliyefika hospitali. Afya ya umma inauliza kwa nini watu ishirini wa mtaa mmoja wamefika wiki hiyohiyo wakiharisha, kisima chao kiko umbali gani na choo, nani anauza maji kwa madumu, na nani alisema kwamba dawa ya kutibu maji inaua nguvu za kiume. Hapo anahitajika mtu wa maji, mtu wa ramani, mtu wa hesabu, na mtu anayejua kuzungumza na watu.

Nchi yetu, Tanzania, inao ushahidi wa zamani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima karibu milioni 2 kwenye vikundi vya kusoma, vijijini na mjini. Walikuwa wakisikiliza kipindi cha redio, wakisoma kijitabu, wakijadiliana, kisha wakitoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa katikati ya kazi hiyo. Walioandaa vipindi na walioongoza vikundi wengi wao hawakuwahi kushika sindano. Wagonjwa waliopungua kwa sababu ya choo kilichochimbwa hawakuwahi kuonana na daktari, na hilo ndilo lililokuwa lengo.

Wanaosoma isimu nao wana lao. Ugonjwa wa chikungunya ulielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye nyanda za juu za Makonde, kusini mwa nchi. Jina lake linatoka Kimakonde, lina maana ya kukunjamana au kupinda, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomwinamisha mgonjwa. Leo dunia nzima inalitamka. Wenye lugha ndio walioueleza ugonjwa, na wataalamu wakaandika walichoambiwa.

Kama mifano hiyo ni ya zamani mno, chukua Machi 2023, Marburg, homa kali ya virusi inayoua, ilipotangazwa mkoani Kagera, mara ya kwanza kwa Tanzania. Wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6. Lakini waliotangamana nao walikuwa zaidi ya 200, na kila mmoja alitakiwa kufuatiliwa siku 21: amelala wapi, ana homa, amesafiri, nani mwingine amekula naye msibani. Hiyo ni kazi ya orodha, simu, mguu na maneno mazuri. Ukimkosea adabu mzee mwenye nyumba, umempoteza yeye na majina sita aliyotaka kukutajia. Juni 2 mwaka huohuo mlipuko ukatangazwa kwisha.

Sisemi kila nafasi iko wazi kwa kila mtu. Ile ya kubadilishana wanafunzi na hospitali za nje, inayopitia TAMSA, chama cha wanafunzi wa udaktari nchini, na shirikisho lao la kimataifa, IFMSA, kweli ni ya wanafunzi wa udaktari. Mtu wa sosholojia akikosa hapo hajaonewa. Tatizo ni pale anapodhani milango yote imetengenezwa hivyo.

"Damu: inauzwa, inakausha mwili, na ukichangia unapimwa Ukimwi bure"

Kwa sera ya serikali damu haiuzwi. Anayemdai ndugu wa mgonjwa hela ya chupa ya damu amekiuka utaratibu na anastahili kuripotiwa. Damu yenyewe ina gharama, kwa sababu mfuko, vipimo na majokofu ni hela, lakini gharama hiyo si ya kumbebesha mgonjwa.

La kukausha mwili nalo lina hesabu yake. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na kinachochukuliwa ni mililita 450. Sehemu ya majimaji inarudi ndani ya siku moja au mbili ukinywa maji ya kutosha, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana mwanamume anasubiri miezi mitatu na mwanamke minne kabla ya kuchangia tena. Ndiyo maana pia unapimwa uzito, ambao usiwe chini ya kilo 50, na wingi wa damu, usiopungua gramu 12.5 za himoglobini kwa desilita. Anayeambiwa "leo hapana, kale kwanza" hajadharauliwa. Na mwili hauna tabia ya kuzoea kutolewa damu, ukiacha umeacha.

Dhana ya tatu ndiyo ya hatari, na haizungumzwi sana kwa sababu inaonekana kama ujanja usio na madhara. Kuna wanachuo wanaokuja hemani kwa sababu wamepata wasiwasi wiki iliyopita na wanataka majibu ya VVU bila kuonekana kwenye kituo cha kupima. Ni kweli kila chupa hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Lakini maambukizi mapya yana kipindi ambacho kipimo hakiyaoni. Mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupata majibu safi, na damu yake ikaenda kwa mama aliyetoka kujifungua. Yale maswali ya kwenye fomu ambayo watu wanayajaza huku wanachati, kuhusu wapenzi wapya, kuchanjwa chale na kuumwa karibuni, yamewekwa kwa sababu hiyo. Mwenye wasiwasi aende kituo cha ushauri na upimaji. Huko anapimwa bure, na atapangiwa siku ya kurudia.

Kuna jambo moja nilichelewa kulielewa. Nilidhani tukijaza mifuko 200 siku ya Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, tumemaliza mwaka. Kumbe damu inaharibika kama maziwa. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki tano au sita. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinazohitajika na watoto wenye saratani na wanaovuja damu, hukaa siku 5 tu. Plazma, yale majimaji ya damu, ndiyo inayovumilia, ikigandishwa inafika mwaka. Sasa ongeza kwamba wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya wachangiaji wetu, na shule hufungwa Juni na Desemba. Akiba inapungua wakati ajali za barabarani haziendi likizo. Kwa hiyo mwanachuo anayekwenda kituo cha damu salama katikati ya Desemba, peke yake, bila fulana wala muziki, ana faida kuliko anayesukumana nasi foleni Juni.

"Nimepimwa kwenye maonyesho, niko fiti"

Meza ya presha huwa karibu na spika za muziki. Mwanachuo amepanda ngazi tatu, amekunywa kinywaji cha kuongeza nguvu, anacheka na wenzake, mkono umefungwa kipimo juu ya sweta. Inatoka 148 kwa 92, anaondoka akijua tayari ana presha. Mwingine anapata 118 kwa 76 na anajitangazia afya njema ya mwaka mzima. Wote wamekosea. Presha hupimwa mtu akiwa ametulia dakika tano, miguu haijapishana, mkono ukiwa usawa wa moyo, na kipimo kimoja kilichovuka 140 kwa 90 kinakutaka urudie siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa.

Chanjo ya homa ya ini B ina mtego wake. Kwa mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Kampeni ikija chuoni Novemba, dozi ya tatu inaangukia Mei, watu wamezama kwenye testi na maandalizi ya mitihani, na waliomaliza wameshaondoka. Nimewaona wengi wenye kadi yenye mhuri mmoja, wanaitunza pochini kama leseni. Kadi hiyo bado haijakukinga vya kutosha. Nafuu ni kwamba huanzi upya: uliyekatisha unaendelea na dozi iliyobaki, hata kama miezi imepita.

"Makongamano ni ya maprofesa"

Makongamano makubwa ya kisayansi huwa na ada ya chini kwa wanafunzi. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wana kongamano lao, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wana lao, na Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, huandaa la bara zima, CPHIA, lililokutana Kigali 2022 na Lusaka 2023. Kinachokuingiza ni ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti wako, ya maneno kama 300 inayosema uliuliza nini, ukafanyaje, ukakuta nini.

Hapa nina aibu yangu ya kukiri. Mwaka wa tatu nilichukua rejesta za kampeni zetu za damu, nikazikokotoa vizuri kabisa, nikachora na grafu, nikatuma ikisiri. Swali la kwanza nililoulizwa: kibali cha maadili ya utafiti kiko wapi? Sikuwa nacho. Nilidhani kwa kuwa mwandiko wa rejesta ni wangu, takwimu nazo ni zangu. Majina na majibu ya watu si mali ya aliyeshika kalamu. Kibali huombwa kwenye kamati ya chuo au NIMR kabla ya kuanza, na msimamizi wako ndiye anayejua njia. Ikisiri ile ilifia hapo, na ilistahili.

Upande wa pili kuna makongamano ya kitapeli, na yanawapenda wanafunzi. Barua pepe inakuita Profesa wakati una sapu mbili, mitihani ya kurudia. Mada ni afya, uhandisi, ushairi na benki kwa pamoja. Unatuma ikisiri usiku, asubuhi imekubaliwa. Halafu inakuja namba ya akaunti. Muulize mhadhiri wako kabla ya kumgusa mzazi mfukoni.

"WHO bila mtu wa kukushika mkono hupati"

Masharti ya mafunzo kwa vitendo ya Shirika la Afya Duniani yanasema kinyume. Ukiwa na mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa naye anayefanya kazi huko, hupewi nafasi. Unatakiwa uwe na umri wa miaka 20 au zaidi na uwe umemaliza miaka mitatu ya masomo ya chuo kikuu. Zamani walikuwa hawalipi chochote, na kweli nafasi zilibaki kwa watoto wa wenye nacho, lakini mwaka 2020 walianza kutoa posho ya kujikimu. Maombi ni ya mtandaoni na hayana ada. Wakala anayetaka laki mbili "za fomu" anauza hewa.

Ushindani ni mkali, hilo silifichi. Wengi wataomba mara tatu na kukosa.

"Nipate cheti, mengine baadaye"

Vyeti vya ushiriki huchapishwa usiku mmoja kabla ya tukio, majina yakiwa na makosa. Niliwahi kuandikwa Rahma, na mimi ni mwanamume. Nafasi yangu ya kwanza ya kulipwa haikutokana na cheti chochote. Muuguzi mmoja wa timu ya damu aligundua kwamba kwenye rejesta zangu mtu hajirudii mara mbili, na namba za simu zinapatikana zikipigwa. Miezi minane baadaye walihitaji mtu wa kupanga takwimu za chanjo wilayani kwa wiki sita. Alinipigia jioni, niko kwenye daladala, akauliza kama bado naandika vilevile.

Cheti cha Rahma ninacho mpaka leo. Mama amekiweka kwenye fremu sebuleni, na wageni humuuliza huyo binti anasoma wapi.