Je, wajua kwa nini injini za zamani zilitengenezeka njiani?

Gereji nyingi hapa Dodoma hazikosi mzee wa kukuambia kwamba gari lilikuwa Land Rover 109 au Peugeot 504, mengine yote yamekuja baadaye kuharibu. Ukimsikiliza vizuri, utagundua hadithi zake nyingi ni za gari lililogoma: lilizima njia ya Kondoa, lilichemsha kabla ya kufika Mpwapwa, lilisukumwa Manyoni. Anachokisifu hasa ni kwamba liliwaka tena palepale, bila kuvutwa.

Na hapo yuko sahihi. Kwenye injini ya petroli ya enzi zile, cheche ilitegemea platinamu, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa silinda. Nafasi kati yake ni kama milimita 0.4. Vikiungua, gari linamisi, kisha linazima. Fundi alifungua kifuniko, akapitisha msasa, akarudisha nafasi. Asiye na kipimo alikata kipande cha boksi la kiberiti, akakipachika katikati na kukaza skrubu. Safari ikaendelea.

Dizeli ilikuwa rahisi zaidi, kwani haihitaji cheche. Pampu inazungushwa na injini yenyewe, inapeleka mafuta kwenye nozeli zinazoyanyunyiza ndani, na joto la hewa iliyobanwa linayawasha. Injini ya Toyota 1HZ, lita 4.2, silinda sita, iliyoanza mwaka 1990, inafanya kazi hivyo. Ndiyo maana Land Cruiser zenye injini hiyo zimepewa kazi ngumu za vijijini miaka yote hii.

Ila urahisi wa kutengeneza si uimara, na hapo ndipo wazee wetu wanapochanganya. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam. Kabureta, kifaa cha injini za zamani kinachochanganya petroli na hewa, haina habari hiyo. Iliyosetiwa Dar, ikifika huku inamwaga petroli nyingi kupita hewa iliyopo: plagi zinakuwa nyeusi, moshi unatoka, tenki linakauka mapema. Injini ya leo inapima hewa inayoingia, inapima na oksijeni iliyobaki kwenye ekzosi, halafu inarekebisha mafuta yenyewe tangu unapoiacha Morogoro. Dereva hashtuki chochote. Plagi za iridiamu nazo huweza kufika kilomita 100,000, wakati platinamu ya distribyuta ilidai kushikwa kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Kwa kuharibika mara chache, gari la sasa linashinda, tena kwa mbali.

Tabu inakuja siku linapogoma. Sensa ya krenki, yaani ya shafti inayozungushwa na pistoni, ikifa, kompyuta haijui pistoni ziko wapi, basi haitoi cheche wala mafuta. Hapo msasa hausaidii. Dizeli za kisasa ndizo zinazodeka zaidi: nozeli za zamani zilifunguka kwa mgandamizo wa bar 100 hadi 200 hivi, lakini mfumo wa kisasa wa komoni reli, ambao bomba moja lenye mgandamizo mkubwa linalisha nozeli zote, unafika 1,600, hata kupita 2,000, ukipitisha mafuta kwenye matundu yenye upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Dizeli ya kwenye madumu, yenye maji na vumbi, pampu ya Land Rover 109 ya dizeli ingeweza kuihimili kwa muda. Injekta, yaani nozeli za leo, zinakufa, na bei yake inaumiza. Mwenye gari la namna hiyo anunue mafuta kituoni, abadilishe filta kwa wakati na amwage maji yaliyotuama chini ya filta hiyo.

Wala mashine ya kupima, ile inayochomekwa kusoma kompyuta ya gari, haijamfuta fundi mzee. Inaweza kuandika kwamba injini inapata mafuta kidogo kuliko hewa, kijana akanunua sensa mpya ya bei mbaya, kumbe ni mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini. Mzee aliyezoea kuinama na kusikiliza angeusikia ukipiga mluzi kabla hata ya kuchomeka mashine.