"Ni baridi tu hii": maswali na majibu kuhusu kikohozi, foleni na moshi wa Mbeya

Juni ikiingia, Mbeya hukohoa. Kaa kwenye benchi la zahanati yoyote kati ya Uyole na Mbalizi, maelezo utakayosikia ni yale yale: "Ni baridi tu hii, itapita na msimu." Baridi ina makosa yake, sikatai. Ila tumeibebesha na makosa ya moshi, hasa huu tunaouvuta asubuhi tukienda kazini, sokoni na shuleni. Haya ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara, na majibu yake.

Daktari, kwani baridi haileti kikohozi? Tumekua tukiambiwa tujifunike kifua.

Jifunike, ni vizuri. Hewa ya baridi na kavu hubana njia za hewa, na mwenye pumu hahitaji kusimuliwa hilo. Virusi vya mafua navyo hufurahi tunapojifungia ndani bila kufungua hata dirisha moja.

Lakini baridi ina kazi nyingine ambayo haizungumzwi: inaufungia moshi chini. Siku za kawaida hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko ya juu, kwa hiyo moshi hupanda na kutawanyika. Usiku wa Juni au Julai, anga likiwa halina mawingu, ardhi hupoa upesi. Hewa baridi huteremka kutoka miteremko ya Loleza na ya Uporoto, ikatuama bondeni, na juu yake likakaa tabaka la hewa yenye joto zaidi, kama mfuniko juu ya sufuria. Moshi wa malori, majiko ya mkaa, matanuri ya matofali na taka zinazochomwa nyuma ya nyumba hukwama humo mpaka jua lipate nguvu, saa tatu au saa nne asubuhi. Aliyewahi kupanda barabara ya Chunya alfajiri akageuka kuutazama mji anaufahamu ule utando wa kijivu. Si ukungu mtupu.

Desemba 1952 jiji la London lilifunikwa hivyo hivyo kwa siku tano, moshi wa makaa ya mawe ukiwa umenaswa kwenye hewa baridi, chini ya mfuniko wa hewa yenye joto zaidi. Watu wapatao 4,000 walikufa katika muda mfupi, na vifo viliendelea kuwa vingi miezi iliyofuata. Serikali ya huko ikasema hivyo vya baadaye ni homa ya mafua. Miaka mingi baadaye watafiti walirudia hesabu, wakaona mafua peke yake hayatoshi kueleza vifo vile, na makadirio yakafika 12,000. Mbeya si London ya 1952, wala haijaikaribia. Ila tabia ya kuyasingizia mafua ndiyo hii hii yetu.

Iringa nako ni baridi. Mbona wao hawalalamiki hivi?

Iringa imebahatika kwa jinsi ilivyokaa. Mji uko juu kwenye kilima, na malori ya barabara kuu hupita chini, Ipogolo, yakaendelea na safari. Mwenye duka Ipogolo anaujua moshi wake, lakini mtoto anayesoma katikati ya mji hapishani na lori la mafuta kila akivuka barabara.

Mbeya ni kinyume. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma imepita tumboni mwa jiji: Uyole, Mafiati, Mwanjelwa, Kabwe, Soweto, Iyunga. Lori lenye shaba kutoka Zambia au Kongo, tenka la mafuta, basi la mkoani, haisi, bajaji, mkokoteni wa viazi na mwanafunzi wa darasa la pili, wote njia yao ni moja.

Ongeza na mwinuko. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi yetu ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Injini nayo inapumua hewa hiyo hiyo. Lori jipya lina tabo ya kuisukumia hewa ya ziada, lakini lile chakavu lililojaza mzigo likianza kupanda mlima halina msaada huo: dizeli haiungui yote, na inayobaki inatoka nyuma ikiwa masizi.

Moshi wa kuogopa ni wa rangi gani?

Muulize fundi yeyote atakwambia kabla hajafungua boneti. Moshi mweupe mwepesi asubuhi, unaopotea injini ikipata moto, ni mvuke wa maji, usikusumbue. Mweupe mzito usiokwisha ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye silinda. Wa bluu maana yake gari linakula oili, mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha. Mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri: ea klina imeziba kwa vumbi, nozeli zimechoka, au gari limezidiwa mzigo. Huo mweusi na wa bluu ndio wa kukaa nao mbali.

Hata hivyo, chembe zinazoumiza zaidi huzioni. Ni zile zenye upana usiofika maikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele wa kichwa karibu mara thelathini. Vumbi la barabara ya mtaani, lile linalokufanya upige chafya, sehemu yake kubwa huishia puani na kooni. Chembe hizi ndogo zinapita, zinafika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi hauishii kwenye kikohozi: unachangia ugonjwa wa moyo, kiharusi, na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 shirika hilo hilo lilishusha kiwango linachopendekeza cha chembe hizo, kutoka wastani wa maikrogramu 10 kwa mwaka katika kila mita ya ujazo ya hewa hadi 5.

Simu yangu inaonyesha hewa ya Mbeya ni nzuri. Niamini lipi?

Programu nyingi za simu zinakadiria kwa kutumia picha za setilaiti na hali ya hewa, kisha zinakupa namba moja kwa eneo la kilomita nyingi. Namba hiyo inaweza kuwa sahihi kwa mkoa na isikusaidie chochote wewe uliye kwenye bajaji, nyuma ya bomba la lori, foleni ya Mafiati. Moshi wa gari huwa mkali mno pale pale barabarani na hupungua haraka ukisogea pembeni. Kwa kawaida mita mia mbili au tatu ndani ya mtaa umeshauacha sehemu kubwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani yuko mbele yako, na mtakaa hapo kwa muda gani.

Kwenye haisi asubuhi abiria wote wanafunga madirisha. Nifungue au nifunge?

Hapa nitawaudhi wanaosikia baridi. Haisi iliyojaa, madirisha yamefungwa, mmoja anakohoa siti ya nyuma: hapo unagawiwa mafua, na kifua kikuu pia. Gari likitembea, dirisha liwe wazi hata vidole vitatu. Likisimama nyuma ya lori linalotoa moshi, funga, kisha fungua mkishalipita. Ni kazi ndogo, na konda akinuna mwache anune.

Bajaji ni habari nyingine kwa sababu haina dirisha la kufunga, na abiria anakaa chini, karibu usawa wa mabomba ya malori. Mwambie dereva, kwa heshima tu, "Kaka, tuache nafasi kidogo na hilo lori." Urefu wa gari moja au mawili unapunguza unachovuta. Na kama kuna njia ya mtaani inayofika unakokwenda, hata ikiongeza dakika tano, ichukue.

Kwa anayetembea kwa miguu au anayekimbia mazoezi ya asubuhi, usiache. Faida ya mazoezi kwa moyo ni kubwa kuliko hasara ya moshi kwa hali yetu ya sasa. Hamisha njia tu. Vikundi vya joging vinavyokimbia kandokando ya barabara kuu saa kumi na mbili alfajiri, huku mnahema kwa nguvu na malori yanapita, siwaelewi kabisa. Mitaa ya ndani ipo, na jioni jua likiwa bado lipo hewa inakuwa imechanganyika.

Mimi ni dereva wa bajaji, niko barabarani kutwa. Barakoa ya kitambaa inanitosha? Na maziwa?

Kaka, ya kitambaa inazuia vumbi kubwa na inakukinga pua na baridi, basi. Chembe ndogo za moshi zinapita. Inayozichuja ni ile ngumu inayobana uso vizuri, aina ya N95. Ikiwa na upenyo pembeni, au imepitia kwenye ndevu nyingi, faida yake inashuka. Kama unaweza kuipata, ivae saa za foleni tu, itakaa siku kadhaa.

Maziwa hayasafishi kifua. Yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani. Yanywe kwa sababu ni chakula kizuri.

Kitakachokusaidia zaidi ni kuzima injini mkiwa kijiweni mnasubiri abiria, kuipuliza au kubadili ea klina mara nyingi zaidi msimu wa vumbi, na kuacha sigara. Dereva anayevuta sigara hapo Kabwe anauvuta moshi mara mbili, na wa pili anaununua.

Jioni naingiza jiko la mkaa chumbani, watoto wasipigwe na baridi. Likishakuwa jekundu halina moshi, sivyo?

Mama yangu, hilo jiko jekundu lisilo na moshi ndilo linaloua. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inajishikiza kwenye chembe nyekundu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa oksijeni huku mtu anajiona amepata usingizi mzuri. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Watu wengi nyumba moja wakiamka na vichwa vinauma kwa pamoja, msiseme ni malaria. Tokeni nje wote, jiko litoke, na muende hospitali. Aliyezimia apelekwe bila kusubiri.

Mikoa yetu hii ya baridi, kuanzia Mbeya mpaka Njombe na Makete, ajali ya namna hii hujirudia kila msimu. Otea moto nje au jikoni penye dirisha wazi, kisha jiko libaki huko mkienda kulala. Chumbani ongezeni blanketi, na maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa. Gari nalo liko kwenye kundi hili: usiliwashe ili injini ipate moto ndani ya banda lililofungwa.

Barabara ya njia nne ikikamilika, tutapona?

Upanuzi wa kilomita 29 kati ya Nsalaga na Ifisi, karibu na uwanja wa ndege wa Songwe, utapunguza ile hali ya lori kusimama na kuondoka kila hatua kumi, na kusimama na kuondoka ndiko kunakotoa moshi mwingi. Hiyo ni nafuu ya kweli. Wasiwasi wangu ni kwamba njia nne zikibaki ndani ya jiji, malori nayo yanabaki ndani ya jiji. Kwa afya, ningeitanguliza barabara ya mchepuko, lori la Tunduma lisiione Mwanjelwa kabisa.

La pili ni hesabu rahisi. Haisi moja iliyojaa inabeba watu wa bajaji tano. Basi kubwa linabeba wa bajaji zaidi ya kumi. Dar es Salaam walianza mwendokasi mwaka 2016 kwa kulitengea basi njia yake lenyewe, na pamoja na matatizo yake yote, wazo la kuhesabu watu badala ya magari ni sahihi. Bajaji zina kazi yake, ya kuwatoa watu mtaani mpaka kituoni. Kuzifanya ndizo usafiri mkuu wa jiji linalokua ni kuongeza mabomba ya moshi barabarani. Na shule mpya zisijengwe zikitazamana na barabara kuu, hilo halihitaji hata bajeti.

Nikikohoa, nisubiri mpaka lini?

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda ukapime kifua kikuu. Vipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Usisubiri hizo wiki mbili kama unakohoa damu, unatoka jasho jingi usiku au unapungua uzito. Mwenye pumu anayetumia dawa ya kuvuta zaidi ya mara mbili kwa wiki ili apate nafuu, arudi kwa daktari, pumu yake haijatulia. Na dawa hiyo iwe mfukoni, sio kabatini, siku za foleni.

Kwa mtoto, mvue nguo kifuani akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 kwa dakika, au mwenye mwaka 1 hadi 5 akifika 40, anapumua haraka kuliko kawaida na anahitaji kuonwa siku hiyo hiyo. Akiwa anabonyea chini ya mbavu kila akivuta hewa, anashindwa kunyonya au kunywa, au midomo inageuka rangi, mpeleke hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku na nje kuna baridi.