Tovuti Ipo, Lakini Haionekani: Dhana na Ukweli Kuhusu Injini za Utafutaji

Mmiliki wa nyumba ya wageni karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu, aliniletea simu yake akiwa amekasirika: tovuti yake ilikuwa hewani kwa miezi minne, na kila alipoandika "malazi Dunga" alipata washindani wake tu. Kama wengi wetu, aliamini kwamba mtu anapotafuta kitu Google, intaneti nzima hupekuliwa papo hapo.

Ukweli ni kwamba kinachopekuliwa wakati huo ni faharasa iliyokwisha kuandaliwa. Roboti za injini huzunguka mapema zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, zikisoma zinachokikuta na kukihifadhi, nalo swali lako hujibiwa kutokana na akiba hiyo. Ukurasa usiomo humo hautatokea hata uwe mzuri namna gani. Kukagua ni rahisi: andika neno "site", nukta pacha, kisha anwani ya tovuti bila kuacha nafasi. Tulipofanya hivyo, hakukutokea hata ukurasa mmoja. Fundi aliyeijenga alikuwa amewasha mpangilio wa kuzizuia injini wakati kazi ikiendelea, jambo la busara kabisa, kisha akasahau kuuzima.

Kabla ya kunijia, bwana huyo alikuwa karibu kumlipa mtu aliyemhakikishia nafasi ya kwanza. Fedha hununua matangazo, nayo huwekewa alama ya kwamba yamelipiwa. Nafasi katika matokeo ya kawaida Google haiiuzi, na anayeiahidi anauza asichokimiliki.

Dhana kwamba kurudiarudia maneno huupandisha ukurasa ndiyo sugu zaidi. Nilipoburuta kipanya juu ya sehemu iliyoonekana tupu chini ya ukurasa wa kwanza, yalijitokeza maneno "hoteli nafuu Kisumu", mstari baada ya mstari, kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe. Google huuhesabu ufichaji huo kuwa udanganyifu, na unaweza kuushusha ukurasa au kuuondoa kabisa. Hata orodha ya maneno muhimu inayofichwa katika msimbo wa ukurasa, Google ilieleza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Ajabu ni kwamba bei za vyumba, ambazo mgeni huzitafuta kwanza, zilikuwa zimefungwa ndani ya picha ya bango, ilhali ziliandikika kwa maandishi ya kawaida.

Kuhusu viungo, dhana potofu kwamba vingi ndivyo bora imezaliwa na ukweli. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, walikichukulia kiungo kuwa kama kura, yenye uzito kulingana na anayeipiga. Watu wakaanza kununua kura hizo kwa mamia, hadi mwaka 2012 Google ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Penguin kuzikabili.

Wala kujiona wa kwanza kwenye simu yako si ushahidi. Matokeo ya biashara za mahali hutegemea pia umbali, kwa hiyo anayetafuta akiwa Kondele na anayepanga safari akiwa Nakuru wanaweza kuonyeshwa orodha tofauti.

Tuliuzima ule mpangilio, tukafuta maneno meupe, tukaandika bei upya. Siku tisa baadaye nyumba ile iliingia katika faharasa, ikaanzia ukurasa wa tatu wa matokeo.